Dimbwi la Le na Dimbwi la Re

Haya, wewe uliyekaa hapo, nijibu. Nina watu wangu wanaoga ndimu, wanakula kutu, hawana mdomo wala meno, na ukiwamwagia maji safi wanakufa. Ni akina nani?

Fikiri kwanza. Weka simu chini.

Umeshindwa, basi nipe mji. Musoma sitaki, upepo wa ziwa unaniumiza masikio. Nipe Bunda. Nikishakabidhiwa Bunda yangu nitaanza kwa kufagia stendi. Asante. Jibu ni bakteria wa Kiabakari, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye maji makali ya mgodi wa zamani. Na usijisikie vibaya kwa kushindwa. Mimi mwenyewe jibu nilipewa na mjukuu wangu Lilian, na wadudu hao hao wametutoa machozi sote wawili.

Nyumba yangu iko Kiabakari, nyuma ya rundo la mchanga waliloliacha wachimba dhahabu wa zamani. Ng'ambo ya rundo kuna shimo, na chini kabisa ya shimo kuna madimbwi mawili yaliyotengwa na ukuta wa mwamba. Maji yake mekundu kama chai ya rangi. Ng'ombe hanywi, chura hakai, na kanga ikidondokewa na tone moja, baada ya wiki utaona tundu. Miaka yote tulikuwa tunasemaga humo hakuna chenye uhai. Lilian akatoka chuoni akasema wamo, tena wamejaa.

"Bibi, kila mmoja wao ana maandishi ndani ya mwili wake," aliniambia siku hiyo tukichambua maharage. "Herufi nne tu, zimepangwa mamilioni kwa mamilioni. Mashine inazisoma kwa mfuatano, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Maandishi yote hayo kwa pamoja ndiyo tunayaita jenomu."

"Herufi nne? Sisi darasa la kwanza tulianza na tano. A, e, i, o, u. Hao wadudu wako walitoroka shule."

"Bibi, nisikilize. Maandishi hayo ndiyo yanayowafundisha kuishi kwenye sumu. Ninachotaka kujua ni kimoja. Wa dimbwi la kushoto na wa dimbwi la kulia ni ukoo mmoja, au kila dimbwi lina ukoo wake?"

"Na ukishajua?"

"Nikishajua nimemaliza shahada yangu ya pili, mke mwenzangu."

Hapo nikamwelewa.

Tulichota mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekausha shimo pembeni zote. Tulikuwa watu watatu. Maige ndiye aliyeshuka chini. Huyu Maige ni Msukuma wa Mugeta. Alichimba Kiabakari miaka mingi kabla hajarudi kwenye pamba yake, na lile shimo analijua kama uani kwake. Lilian alikaa chini ya turubai, mbali kidogo, amevaa glavu mpaka kwenye viwiko, anachuja maji na kuyafungia kwenye boksi la barafu aliyotuletea Said, muuza samaki wa Musoma. Mimi nikapewa kazi ya kuandika, kwa sababu glavu za Lilian zilikuwa zimelowa maji makali, hawezi kushika kalamu. Nikakaa ukingoni na maka peni yangu na utepe wa karatasi. Maige anajaza chupa, anaifunga kwenye kamba, anataja dimbwi. Mimi navuta, naandika, nabandika, naipeleka kwa Lilian. Chupa ishirini.

Dimbwi la kushoto Lilian alilipa herufi L, la kulia R, kwa Kiingereza chao. Kisha akamwinamia Maige kutoka ukingoni akamwambia, "Mjomba, usifuate zamu. Chota huku mbili, kule moja, rudi huku, changanya tu. Ukimaliza moja kwanza, lile la pili litapigwa jua zaidi."

"Sawa, mwalimu," Maige akajibu, na kweli akachanganya kama alivyoambiwa.

Sasa sikiliza hapa. Lilian anasema eli na ara. Sisi tuliosoma zamani tunasema a, be, che, de. Kwetu L ni le, na R ni re. Maige naye ni wa darasa la zamani. Kwa hiyo kule chini aliita kwa herufi zetu, na juu huku niliandika kwa herufi zetu, na hakuna aliyeona tatizo.

Chupa nane za kwanza niliinama nikachungulia kila moja ikijazwa. Baada ya hapo jua likanijia usoni na kiuno kikaanza vituko vyake. Akapita jirani yangu Adventina na beseni la dagaa kichwani, akalishusha, akakaa. Adventina akikaa na mimi, vitendawili havikosi. Nikaligeuzia shimo mgongo ili utepe upate kivuli, tukaanza kutegeana. Kamba ikitikisika navuta, nauliza, "Ipi hiyo?" Sauti inatoka chini, "Le!" Nauliza, "Re?" Naye, "Ndiyo, le!" Naandika. Nilidhani naisikia tofauti. Sauti ikija nzito niliandika R, ikija nyepesi niliandika L. Adventina alinipa miji minne siku ile, na mimi nilimpa Tarime.

Jioni Lilian alinikumbatia. Akasema hajawahi kuona lebo zilizoandikwa vizuri vile.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa kila siku, Lilian akaingia uani bila hodi. Shikamoo hakuna. Alitupa mkoba juu ya kinu, mkoba ukaanguka, akauacha hapo hapo kwenye tope.

"Mara ya tatu, Bibi! Nimesoma mara ya tatu!"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Nimekaa miezi minane!"

Nikamwacha asimame. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, anaongea, anakata maneno, anaanza upya. Nilichokipata ni hiki. Mara ya kwanza matokeo yalipotoka hovyo alidhani ni uchafu wa mikono yake, akaosha vyombo vyote, akaanza upya. Mara ya pili umeme ulikatika mashine ikiwa katikati, jenereta likagoma, kazi ya siku mbili ikapotea. Mara ya tatu alisubiri foleni ya mashine wiki tano, akalala maabara, akasoma mpaka mwisho. Hovyo tena.

"Chupa nane za kwanza ni safi kabisa, Bibi. L wana ukoo wao, R wana ukoo wao, unaona mpaka raha. Halafu kuanzia hapo ni fujo. L hii imejaa wa kulia, R ile imejaa wa kushoto, nyingine ziko sawa, nyingine haziko. Haina kichwa wala miguu!"

Nane za kwanza. Nilisikia vizuri. Nikainuka kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka wenyewe.

"Si urudi ukachote tena?" nikasema nikiwa nimeinama.

"Umeliona shimo? Mvua imelijaza. Ukuta wa mwamba umezama, sasa ni dimbwi moja. Mpaka likauke ni mwezi wa nane, na nafasi yangu chuoni inaisha wa saba. Hawaongezi. Nimeomba mara mbili, hawaongezi."

"Yale maji yaliyobaki?"

"Hakuna yaliyobaki. Yote niliyachuja nikatoa wadudu, nao wako kwenye friji ya maabara kwa lebo hizo hizo. Zimebaki chupa tupu zenye mwandiko wako."

"Basi kama maandishi yao yanaonyesha ukoo wao, si ubadilishe lebo tu? Wa kushoto uwaite wa kushoto."

Lilian akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Nilimwambia Daktari Hashimu hivyo hivyo." Huyo ndiye mwalimu wake anayemsimamia. "Unajua alinijibu nini? 'Lilian, huwezi kumuuliza mgeni kwao ni wapi, halafu ukaandika kwamba wewe ndiye uliyegundua kwao.' Ana haki. Ana haki, na nilitamani kumrushia kikombe."

Hapo akakaa, akaanza kulia, na mimi nikashukuru kwamba analia badala ya kuuliza. Lakini akauliza.

"Kuna njia moja tu. Daktari anataka karatasi kabla ya Jumatatu. Mwandishi wa lebo athibitishe kwamba alishuhudia kwa macho yake kila chupa ikijazwa. Ikiwa na sahihi, basi makosa ni ya chumba cha mashine, watanisomea zote ishirini upya kabla ya mwezi wa saba. Bila hiyo karatasi kumi na mbili zinatupwa, nane hazitoshi, na mimi nimekwisha." Akajifuta pua kwa mkono. "Uliona kila chupa, Bibi, sivyo?"

"Mwandiko si unauona? Kuna herufi isiyosomeka?"

"Mwandiko ni mzuri. Nauliza kama uliona."

"Chai yako inapoa," nikasema.

Siku iliyofuata akaenda Musoma kuichapisha hiyo karatasi. Alirudi saa kumi amenuna. Duka la Hasna lilikuwa wazi lakini mtandao umelala. Akavuka barabara, huko wino umeisha. Akarudi kwa Hasna akasubiri saa tatu nzima kwa karatasi moja ya mistari sita. Akaiweka mezani mbele yangu, akaweka na kalamu juu yake.

Niliisoma yote. Mimi niliyetaja jina langu hapa chini nathibitisha. Kiswahili safi, kila neno lilikuwa linaeleweka. Neno "macho" lilikuwa katikati ya mstari wa nne.

Nataka uelewe, mimi sikuwa nimekusudia kudanganya. Mchana kutwa, Lilian akiwa Musoma, nilikuwa najiambia kwamba kusikia na kuona vinakaa nyumba moja. Nilijiambia pia kwamba huyu mtoto nilimbeba mgongoni, nilimfundisha kusoma kwa kijiti kwenye mchanga wa rundo lile lile, na kwamba sahihi moja ya mwanamke mzee haimuui mtu. Nikashika kalamu. Nikaiweka.

"Miwani yangu siioni," nikasema. Ilikuwa kichwani.

"Bibi."

"Muulize kwanza Maige," nikasema. "Huenda alichota kivivu. Dimbwi la kulia lina utelezi. Huenda aliona tabu kuvuka, akajaza zote upande mmoja."

Neno hilo lilinitoka, na papo hapo nikaona aibu, lakini lilikuwa limeshafika kwa Lilian. Nilimwona uso unavyobadilika. Miezi minane alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia, na mimi nikampa mmoja aliyekaa mbali, shambani kwake, asiyejua lolote.

"Ndiyo maana," akasema polepole. "Ndiyo maana! Nami nikamwita mjomba!"

Jumamosi tukaenda Mugeta. Tulipanda basi mpaka Bunda, kutoka hapo pikipiki mbili, tope mpaka magotini, ya kwangu ikazima mara mbili na dereva akanilaumu mimi kwa kuwa mzito. Lilian mbele hakugeuka hata mara moja. Karatasi alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni, ameishika kifuani.

Maige tulimkuta anapiga dawa pamba, bomba liko mgongoni, kofia ya jeshi kichwani. Alipotuona alipaza sauti kutoka mwisho wa shamba, kama kawaida yake.

"Kalibuni! Bibi Wankyo, umekuja kupiga kula ama umekuja kula?"

Hili ndilo tunalotaniana siku zote, yeye na mimi, tangu enzi za mgodi. Yeye Msukuma ulimi wake hauna re, na mimi ulimi wangu wa nyumbani hauna le. Lilian mwenyewe, mke mwenzangu, nilimwita Ririani mpaka akaingia sekondari akaniomba niache. Basi kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikamjibu.

"Nimekuja kura ugari wako, mchoyo wewe!"

Maige akacheka mpaka dawa ikamwagika. Mke wake akacheka mlangoni. Lilian hakucheka. Alisimama katikati ya mstari wa pamba na ule mfuko wa nailoni, anamwangalia Maige, kisha mimi, kisha Maige.

"Mjomba," akasema. "Dimbwi la kushoto ulikuwa unaliitaje?"

"Hujambo kwanza, mwalimu."

"Sijambo, shikamoo. Ulikuwa unaliitaje?"

"Le."

"Na la kulia?"

"Le."

"La kulia, mjomba."

"Si nimekwambia, le! La kushoto le, la kulia le. Umeyapa majina mwenyewe, sasa unaniuliza mimi?"

"Yanafanana!"

"Hayafanani hata kidogo," Maige akasema, na alikuwa anamaanisha kabisa. "Hili le ya limau, lile le ya ledio."

Mke wake alijishika tumbo. Lilian akakaa chini pale pale, kwenye tope, na nguo yake ya kwendea mjini.

"Nilikuja kukugombeza," akamwambia Maige, sauti imepungua. "Nilikuja kusema ulichota zote upande mmoja."

Maige akaacha kucheka. Alivua bomba mgongoni taratibu, akalisimamisha kati ya miguu yake.

"Nani alisema hivyo?"

Lilian hakunitaja. Aliangalia tope. Nikaona heri angenitaja.

"Mimi nilivuka ule mwamba mala kumi na nne," Maige akasema. "Mguu huu ulichubuka na maji yale, kovu hili hapa. Nilichanganya kama ulivyosema. Kula siku ile nilikula saa tisa." Akafikiri kidogo, kisha uso ukafunguka. "Lakini hata kama ulimi wangu ni mbovu, kuna ubaya gani? Bibi yako alikuwa ukingoni. Alikuwa anachungulia. Mimi niite le, niite be, yeye alikuwa anaona mkono wangu uko dimbwi gani. Au siyo, Bibi Wankyo?"

Alikuwa ananisaidia. Alikuwa hajui kama ananisaidia, lakini alikuwa anafungua mlango, na ulikuwa mlango mpana. Ningeingia kwa kuitikia kwa kichwa tu. Lilian naye akauona. Niliona mabega yake yakiinuka. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa ile karatasi, haikulowa hata kona. Akatafuta kalamu.

"Kweli," akasema. "Kweli, mjomba. Kama aliona, basi ulimi hauna shida. Lebo ni sahihi, na makosa ni ya mashine. Daktari hatakuwa na la kusema." Akanigeukia. Usoni alikuwa na tope, na alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie uani kwangu bila hodi. "Bibi, nilikuuliza juzi ukaniambia chai inapoa. Nikakuuliza jana ukatafuta miwani. Niambie tu, nimalize. Uliona kila chupa?"

Maige alikuwa ameegemea bomba lake, anaitikia kwa kichwa kabla sijasema, ananisukuma kwa macho, sema basi, mama, mtoto aende. Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nilifikiria mwezi wa saba. Nilifikiria zile wiki tano za foleni. Nikafikiria na wale watu wa chumba cha mashine, ambao siwajui majina, watakaoambiwa Jumatatu kwamba wameharibu kazi ya mtu.

Nikavua miwani nikamshika Lilian mkono uliokuwa na kalamu.

"Nane za kwanza niliziona," nikasema. "Kuanzia ya tisa nilikuwa nimeligeuzia shimo mgongo. Niliandika kwa masikio."